Nikifumba Macho Naona Giza

"Fumba macho," Dereva alimwambia mchumba wake, mjukuu wangu, kwenye simu.

"Nimefumba."

"Haya, unaniona?"

"Nikuone vipi na wewe uko safarini?"

"Acha utani. Kichwani. Nimevaa nini?"

Mjukuu wangu ni msusi. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, na simu alikuwa ameiweka spika kwa sababu vidole vilikuwa na mafuta. Mimi nilikuwa pembeni namchambulia nywele za bandia.

"Sioni kitu," alisema. "Naona giza."

Upande wa pili, ngurumo ya lori ilizimika.

"Giza?"

"Si nimefumba macho? Kwani wewe huoni giza?"

"Mimi nakuona wewe. Umeinamisha shingo, una ile blauzi ya kijani. Kama nimesimama hapo mlangoni."

"Usinitanie."

"Nani anakutania? Na wewe kila siku unaniandikia, 'Nikifumba macho nakuona wewe.' Ulikuwa unamwona nani?"

Mjukuu wangu akanyamaza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu akiuliza swali la namna hiyo akakuta kimya, hujijibu mwenyewe.

Simu ikakatika. Harusi ilikuwa imebakiza wiki mbili.

"Bibi," akaniita, "kwani watu huwa wanaona kweli?"

"Wanaona nini?"

"Watu. Vitu. Wakifumba macho."

"Mimi babu yako namwona sasa hivi, kofia imekaa upande."

"Unamwona, au unamkumbuka?"

"Namwona, mama."

Akaweka kitana chini. "Mimi nilidhani ni msemo tu. Kama mtu anaposema moyo umempasuka. Nani aliwahi kupasuka moyo akaendelea kuchemsha chai?"

Nilitaka kucheka, lakini hakuwa anatania.

"Na mama? Mama naye unamwona?"

Mama yake, binti yangu, tulimzika wakati mjukuu wangu bado hajajua kusoma vizuri.

"Namwona," nilisema polepole.

"Mimi simwoni. Tangu siku ile. Nilidhani wote tuko hivyo, ndiyo maana watu hutundika picha ukutani."

Nikakumbuka hadithi nilizokuwa nikimsimulia akiwa mdogo. Wenzake waliuliza Fisi anafananaje. Yeye aliuliza Fisi alisema nini. Hata ususi ulimtesa kuujifunza. Mwalimu wake alikuwa akisema, "Piga picha ya kichwa kizima kwanza, ndipo uanze," na yeye akaonekana mzito wa kuelewa, mpaka alipojifunza kujisemea: mbili kulia, ingiza, vuta, rudi. Mpaka leo hunong'ona akisuka, na wateja wapya hudhani anawaombea dua.

Jioni ujumbe wa Dereva ukaingia. Akanisomea.

"Dada anasema mtu hawezi kukosa kumwona anayempenda, labda anamwona mwingine. Nimemwambia mtu wa viti na maturubai asubiri. Tuahirishe kwanza."

Akaiweka simu chini.

"Bibi, labda dada yake ana haki."

"Haki ya nini?"

"Labda simpendi. Labda nina mazoea tu. Mtu akitoka mlangoni nisibaki hata na sura yake, huo ni upendo gani?"

Aliniuliza kweli, akisubiri jibu. Niliona hofu yake si ya kuachwa tu. Alikuwa anajihofia mwenyewe.

"Nipe simu," nikasema. Nikampigia Dereva.

"Mume wangu," nilimwambia, maana tuna utani wetu. "Njoo kwanza. Utaahirisha ukiwa umekaa."

Alikuja siku aliyorudi. Alipanguza viatu mlangoni, akaona nimebeba ndoo, akanipokea bila kuambiwa. Pamoja na hasira zake zote, ndoo aliipokea.

"Shikamoo, mke mkubwa."

"Marahaba. Mke mdogo yuko ndani, amekonda kwa ajili yako."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo, kama alivyozoea. Mjukuu wangu akasimama nyuma yake.

"Niambie ukweli," Dereva alisema. "Ni nani?"

"Hakuna mtu. Ni giza."

"Nikiondoka nabaki nini kwako?"

"Sikuoni. Nakujua." Sauti ilikuwa ndogo. "Ukitaka kusema jambo gumu unasafisha koo, kama ulivyofanya sasa. Chai humalizi, unabakiza ya chini, unasema ni ya malaika. Ukifika alfajiri unazima injini kabla ya kona, Bibi asishtuke. Hayo hayana picha. Lakini nikikuwaza yanakuja yote, hata nikiwa sitaki."

Dereva aliinamisha kichwa. Injini ile ikizimwa, nilidhani naisikia mimi peke yangu. Kumbe na mjukuu wangu alikuwa akisikia.

"Na uliniandikia kwamba unaniona."

"Niliandika wanavyoandika wapendanao. Sikujua kwamba nadanganya."

Nikaona nisaidie kidogo.

"Na wewe mwenye kuona, hebu fumba macho."

"Nimefumba, Bibi."

"Unamwona?"

"Namwona vizuri kabisa."

"Kile kidoti chake kiko shavu gani?"

"La kulia," alijibu bila kusita.

Mjukuu wangu akacheka, kicheko cha kwanza tangu simu ile. "Fumbua. Geuka."

Dereva akageuka, akamtazama uso kwa uso. Kidoti kilikuwa kushoto.

"Lakini mimi namwona kulia," alisema, akigusa shavu lake mwenyewe.

"Ni kioo," mjukuu wangu akamwambia kwa upole. "Unakaa hapa kila ukija, unanitazama humo."

"Kwa hiyo picha yangu yote imegeuka?"

"Usijali. Mimi sina hata ya kugeuka."

Tukacheka wote watatu. Kisha Dereva akauliza taratibu, "Nikiwa mbali, huogopi kunisahau?"

"Naogopa. Kila safari. Ndiyo maana nakusumbua na simu."

Dereva akasafisha koo, akatoa simu, akampigia dada yake pale pale.

"Dada, mwambie mtu wa viti aendelee."

"Kwani umemjua huyo anayemwona?"

"Nimemjua. Ni giza. Na giza mimi silionei wivu."

Siku ya harusi, mpiga picha alilalamika kwamba bibi harusi amekodoa macho.

"Pepesa kidogo," alimwambia.

"Mwache," Dereva akasema. "Ananitazama."

Picha ile tumeitundika kando ya picha ya mama yake. Na Dereva akiwa njiani siku hizi hawaandikiani tena mambo ya kufumba macho. Juzi ujumbe uliingia tukiwa saluni, mjukuu wangu akaniinamishia simu nisome mwenyewe:

"Nimefika salama. Malaika wameachiwa chai yao. Shavu la kushoto."

Akajifuta mafuta vidoleni, akampigia asikie sauti yake.