Karatasi ya Kituo cha Saba

Upepo ulikuja saa nane mchana, jua likiwaka, bila tone la mvua. Nanga, dereva wa boti, aliuona ukikimbia juu ya maji kutoka mbali, akasema neno moja ambalo haliandikiki. Kabla hajageuza usukani, wimbi la kwanza lilishaingia ndani na kubeba viatu vyake, kofia yake na dumu la maji ya kunywa.

"Dumu!" alipiga kelele.

"Achana na dumu, shika boti!"

Aliyemjibu ni mtaalamu wa maji. Ofisini walimwita Bi Chupa, maana kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kuzunguka lile bwawa kubwa, kituo baada ya kituo, akichota maji kwenye chupa na kuyapima kama yanafaa kunywewa. Sasa alikuwa amelalia sanduku la sampuli kifudifudi, kama kuku anayeatamia. Nanga naye jina alilipata kwa sababu akitua penye chakula hang'oki. Utani huo wote uliishia pale injini ilipogonga kisiki kilichozama. Mapangaboi yake yalikatika, na kipande cha chuma kikampasua Nanga paja.

Upepo uliwasukuma watake wasitake, ukawapitisha katikati ya magugu yanayoelea, ukawatupa kwenye mkono wa bwawa ambao boti ya ofisi haikuwa imeukanyaga kwa muda mrefu. Walipogeuka nyuma, magugu yalishajifunga. Njia hakuna. Simu zote mbili zilikuwa zinatoa maji kama sponji.

Bi Chupa alichana mtandio wake, akamfunga paja kwa nguvu hadi Nanga akamtukana, kisha akaomba radhi.

"Tuko wapi, dada?"

Ufukweni palikuwa na nguzo ya zege yenye namba.

"Kituo cha saba," alisema.

"Kumbe ndiyo hapa! Miezi minne nakuendesha, hujawahi kunileta."

"Magugu huwa yanaziba." Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote.

Juu ya ufukwe kulikuwa na nyumba kama kumi na zahanati ndogo ya vyumba viwili. Nanga aliita hodi hadi sauti ikakauka. Milango ilikuwa wazi. Ndani, vikombe vilipangwa kichwa chini juu ya kichanja, na kandambili za mtoto zilikuwa zimeelekezwa mlangoni, tayari kuvaliwa. Hapakuwa na mbwa, wala jogoo. Nyuma ya zahanati kulikuwa na makaburi mapya mapya, na Bi Chupa, ambaye hawezi kuona vitu bila kuvihesabu, aliyahesabu: kumi na moja. Saba yalikuwa mafupi. Alitamani asingejua kuhesabu.

Walilala zahanati. Asubuhi ndimi zilikuwa zimekakamaa, na paja la Nanga limevimba. Maji yalikuwa hatua thelathini kutoka mlangoni, mengi yasiyo na mwisho, ya kijani na mazito kama rangi ya mlango, yakinuka udongo uliooza. Bi Chupa aliyajua kwa macho. Ni mwani wa sumu, unaolishwa na mbolea inayoteremka kutoka mashambani, na ukiuchemsha hujaufanya kitu. Alichovya kipimo hata hivyo. Karatasi yake ilibadilika rangi hadi ikapita mstari wa mwisho wa jedwali. Alijaza chupa moja, akaandika saba juu yake.

Aliporudi alimkuta Nanga akichekelea mlangoni.

"Dada, tumepona! Njoo usome mwenyewe!"

Karatasi ilikuwa imepigiliwa ukutani ndani ya plastiki. *Maji ya kituo hiki yamepimwa. Ni salama kwa matumizi ya nyumbani.* Palikuwa na muhuri, tarehe ya mwaka uliopita, na sahihi. Chini yake kulikuwa na nyingine ya mwaka wa nyuma yake, na nyingine tena.

"Si sahihi yako hii? Mungu hamtupi mja wake!" Nanga alishuka kwa kuchechemea, na wakati Bi Chupa angali ameganda mbele ya jina lake mwenyewe, yeye alishapiga goti akayateka maji kwa viganja viwili.

Bi Chupa alimkimbilia akampiga kofi mikononi, maji yakamwagika.

"Una wazimu?"

"Yana sumu."

"Karatasi inasema salama."

"Karatasi ni ya uongo."

"Nani kadanganya?"

Angeweza kusema maji yalibadilika juzi. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, na Nanga angeuamini. Lakini yule mtu alikuwa na kiu, na mwenye kiu ukimpa ukweli nusu atarudi kunywa.

"Mimi," alisema. "Sijayapima. Miaka mitatu. Magugu yaliziba, nikasema mwezi ujao. Mwezi ujao nao nikasema hivyo hivyo. Nikachukua namba za kituo cha sita, nikazibadilisha kidogo."

"Ukazibadilisha kidogo."

"Ndiyo."

"Ili zisifanane."

Nanga alikaa chini kwenye mchanga, akayatazama makaburi, akamtazama yeye.

"Bomba la mtaani kwangu lina karatasi kama hii. Wanangu wanne wanakunywa kwa sahihi yako."

"Kwenu ni kituo cha pili. Cha pili nimepima kila mwezi, naapa."

"Na nikuamini kwa lipi?"

Bi Chupa alikwenda akafungua sanduku. Mlikuwa na chupa za vifuniko vyekundu, zilizotiwa asidi kwa ajili ya maabara, na sita za vifuniko vyeupe, nusu lita kila moja, maji matupu ya kituo cha kwanza hadi cha sita. Kazi ya mwezi mzima.

"Nyekundu usiguse, zitakuunguza koo. Nyeupe tunakunywa. Tukiharisha, tuharishe tukiwa hai."

"Anza wewe," alisema Nanga.

Alikunywa mafunda mawili. Nanga alimkodolea macho kwa muda mrefu, ndipo akapokea chupa.

Siku hiyo waligawana kwa kifuniko, kimoja kila saa. Joto lilipanda, na pamoja nalo ikaja sauti: kata ikigonga ndoo, mtu akichota maji nyuma ya nyumba, pole pole, kama mtu asiye na haraka. Bi Chupa alikwenda kuangalia mara tatu. Hapakuwa na mtu.

"Umesikia?" Nanga aliuliza, macho mekundu kwa homa.

"Sijasikia kitu."

"Uongo tumeshauanza tena?"

"Nimesikia," alisema. "Wanachota."

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, kifuniko cheupe cha mwisho kilikuwa kikavu. Nanga aliitambalia chupa ya saba mara mbili, na mara mbili Bi Chupa alimnyang'anya, ya pili kwa kumkalia kifuani huku akilia. Alilia waziwazi, akimwambia asife, tafadhali kaka, usinifie na wewe.

Mtumbwi ulipotokeza katikati ya magugu Bi Chupa hakuinuka, akidhani ni zile sauti. Mama wa makamo, jembe miguuni, aliuegesha akaruka chini na dumu.

"Taratibu, mtatapika," alisema. "Haya nimeyatoa mbali. Ya hapa hatuyanywi."

Walimpakia Nanga. Mama alisema huja kila mwezi kupalilia makaburi. Wawili kati ya waliozikwa ni wajukuu zake. Waliobaki walihamia ng'ambo. Alikuwa akisukuma upondo, na walipofika katikati ya magugu aliitazama nembo kwenye shati la Bi Chupa.

"Nyinyi ni watu wa maji."

"Ndiyo, mama."

"Hapa, tangu muuguzi ahame, mimi peke yangu nilijua kusoma. Zile karatasi zilipoletwa niliwasomea wote. Watoto walipoanza kutapika wakaniuliza tena, nikasoma tena, nikawaambia kunyweni, ofisi imepima." Alisukuma upondo mara moja. "Silali, mwanangu. Pengine nilisoma vibaya."

Nanga aligeuza uso upande wa magugu. Hakumsaidia Bi Chupa.

"Ulisoma sawasawa, mama," alisema Bi Chupa. "Mimi ndiye niliyeandika. Sikupima. Niliandika uongo."

Upondo ulisimama. Mtumbwi ukasimama nao.

"Rudia."

Alirudia, safari hii kwa sauti. Mama aliketi kwenye ukingo, akafunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika kwa muda mrefu. Kisha alijifuta, akasimama, akaanza kusukuma tena kwa nguvu kuliko kwanza.

"Huyu tutampeleka hospitali," alisema. "Wewe ofisini hutaenda kwanza. Wamebaki watu wazima kumi na tatu, na kila mmoja nilimsomea mimi. Nitawaita mmoja mmoja, na kila mmoja utamwambia hivyo hivyo, mimi nikiwa nimesimama hapo nasikia."

"Sawa, mama," alisema Bi Chupa.