Azimio la Kumbukumbu Moja

Mlezi alipasha viganja vyake joto kwanza, ndipo akamgusa Bi Tupokigwe. Vilikuwa viganja vya mpira laini uliofunika vidole vya chuma, na vilijua pa kushika. Bega la kulia havikuligusa kabisa, maana liliuma tangu siku ile ya kiharusi. Akamgeuza ubavu, akamwekea mto mgongoni, akasubiri. Bi Tupokigwe akanung'unika maneno machache yaliyokatikakatika.

"Mama anauliza kama umekula," Mlezi akamwambia Subilaga, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wa safari. "Anasema umekonda, shingo imekuwa ya kuku."

Subilaga akacheka. "Mwambie nitakula kwenye treni."

Miaka hiyo, kila nyumba yenye mgonjwa katika jiji la Lufilyo ilikuwa na mlezi-mtambo. Aliletwa akijua uuguzi tu, kisha akajifunza mwenyewe tabia za nyumba. Huyu wa kwao alijifunza jambo lililowashinda binadamu wote. Kiharusi kilimfutia Bi Tupokigwe Kiswahili chote, kikamwachia Kinyakyusa cha utotoni, nacho kikiwa kimevunjika. Neno lililomaanisha maji leo, kesho lilimaanisha mwanga. Subilaga, mwanawe wa pekee, alikulia mjini na Kinyakyusa alikisikia kwa bibi tu, wakati wa likizo. Kwa miaka minne alikuwa akizungumza na mama yake kupitia mtambo.

Na sasa alikuwa anakwenda kuupigia kura mtambo huo. Kwa kazi Subilaga alikuwa mhandisi wa maji, lakini pia alikuwa mjumbe wa Lufilyo katika Umoja wa Miji. Miji wanachama ilikutana kila mwaka kupanga sera za pamoja. Kila mji ulikuwa na kura moja, mkubwa kwa mdogo, na lililopitishwa na theluthi mbili liliifunga miji yote. Mwaka huo mezani palikuwa na azimio la Kumbukumbu Moja: walezi wote wafutwe yale waliyojifunza majumbani, wapewe kumbukumbu moja iliyokaguliwa.

Treni ilikuwa haijafika mbali Meya Gwamaka alipompigia simu.

"Baraza la madiwani limeshaamua, dada. Lufilyo inasema ndiyo."

"Mheshimiwa, mama yangu unamjua."

"Namjua, na hali yake naijua." Meya akakohoa. "Lakini ukibonyeza hapana, kura inabatilishwa, anaitwa mjumbe wa akiba, naye anabonyeza ndiyo. Tutakuwa tumejiaibisha bure."

Kulikuwa na mlango mmoja uliobaki. Mjumbe aliruhusiwa kupendekeza marekebisho kwa jina lake mwenyewe. Siku ya mkutano Subilaga akasimama ukumbini, akaomba familia zinazotaka kubaki na kumbukumbu za walezi wao ziruhusiwe. Akaeleza habari za mama yake, shingo ya kuku na yote. Watu walicheka, kisha baadhi yao wakajifuta macho. Kwa dakika chache aliamini ameshinda.

Ndipo akasimama Bwana Shaali Mbwana, mjumbe wa jiji la Kisimani Kuu, mzee mrefu mwenye sauti ya chini.

"Dada yangu, sikuja kubishana na mapenzi yako kwa mama," alisema. "Marehemu mke wangu hakupenda vidonge. Akipewa alilia, nami nilimwambia mlezi, mwache leo, mwache apumzike. Mlezi akajifunza. Akajifunza kwamba nyumbani kwetu huruma ni kumnyima mgonjwa dawa. Nikasafiri. Niliporudi nilimkuta mlezi ameketi kitandani, amemshika mkono, na mkono ulishapoa zamani. Mtaani kwetu yaliwapata na wengine. Sasa niambie, huyo wa kwenu, nani anajua amejifunza nini kingine?"

Subilaga akaketi. Marekebisho yakaanguka. Zikafuata kura za azimio lenyewe, na kitufe cha ndiyo kilikuwa baridi chini ya kidole chake. Ubao ulipowaka, azimio lilikuwa limepita kwa tofauti kubwa. Hata asingebonyeza, lingepita.

Nje, Bwana Shaali alimletea kikombe cha chai. "Nisamehe," akasema.

"Huna kosa, kaka."

Wakanywa chai wakiwa wamesimama.

Ufutaji ulipangwa Jumamosi adhuhuri, miji yote kwa pamoja. Kumbukumbu za walezi zilikaa katika ghala la Umoja, si ndani ya mitambo, kwa hiyo hapakuwa na cha kunakili wala kuficha. Subilaga aliporudi alimwomba Mlezi amfundishe.

"Maneno naweza kukufundisha," Mlezi akajibu, "lakini mama hatumii neno moja kwa maana moja. Nasikiliza pumzi yake, naangalia jicho la kushoto linaelekea wapi, nakumbuka alisema nini juzi. Sijui namna ya kukupa hayo."

Jumamosi asubuhi Subilaga akakaa kitandani. "Mwambie kuanzia leo ataona simwelewi. Mwambie nipo hapahapa."

Mlezi akasema kwa Kinyakyusa, taratibu, mara mbili. Bi Tupokigwe akajibu kwa ufupi.

"Sidhani ameelewa," Mlezi akasema. "Anauliza kama mvua imenyesha."

Adhuhuri macho ya Mlezi yakafifia, yakawaka tena. "Habari za mchana. Naomba kujulishwa jina la mgonjwa."

Bi Tupokigwe akamwambia jambo.

"Samahani, sijaelewa. Tafadhali rudia."

Akarudia. Mlezi akaomba tena radhi kwa sauti ileile ya adabu. Bi Tupokigwe akamgeukia binti yake, akarudia kwa mara nyingine, sasa kwa nguvu, midomo ikimtetemeka kwa juhudi. Subilaga akamletea maji, mama akayasukuma. Akafungua dirisha, mama akatikisa kichwa. Akarekebisha mto, akavuta shuka, akawasha taa, akaizima. Haikuwa hayo. Akapiga magoti karibu naye huku machozi yakimtiririka.

Bi Tupokigwe akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaliacha lile alilokuwa akilitaka, akainua mkono wake ulio mzima, akaanza kumfuta binti yake machozi.