Albamu ya Shirika

"Mama Noëlla, na kwako pia masahani inatetemeka yenyewe?"

Hilo ndilo swali ambalo jirani yao, Mama Blandine, aliliuliza asubuhi moja, ndoo tupu mkononi, akiwa njiani kwenda bombani. Mama Noëlla, ambaye jina lake hasa ni Odile, aliacha kukoroga uji akatazama kabati. Sahani zilikuwa zikigongana kama meno ya mtu mwenye homa. Chini ya sakafu ilisikika sauti ya chuma kikipiga mwamba.

"Inatetemeka," alijibu. "Ni Stany na batu bake. Bamefika chini yetu."

Noëlla, binti yake wa miaka kumi na mitatu, alikuwa akifunga viatu vya shule. Hakushtuka. Mtaani kwao Kasulo, watu wengi walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Stany Kyungu alinunua kiwanja cha jirani mwaka uliopita, mwezi wa sita, na shimo lake alilifungua sebuleni kwake, chini ya turubai. Kwa hiyo hakuna aliyejua njia zake za chini zilikwenda wapi. Walichoona ni ufa tu. Ulianza mwembamba kama uzi ukutani kwao, kisha ukatosha kidole, kisha kiganja. Mama Odile alipokwenda kumwomba Stany aache, alisukumwa kifuani hadi akaanguka chali juu ya mawe.

Wakati huo Rémy, baba yake Noëlla, alikuwa amekwisha kufariki. Aliugua akafa mwezi wa kumi na moja, akawaachia nyumba na picha nyingi. Rémy alipenda sana kupiga picha. Simu yake ilikuwa ndogo, basi picha zilipojaa alizipeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha akazifuta simuni. Sasa ulikuja ujumbe kwenye simu hiyo: nafasi imejaa kupita kiasi, picha zote zitafutwa mwisho wa mwezi.

"Mi masomo yangu iliishia darasa la sita," Mama Odile alimwambia binti yake. "Hiyo kazi ni yako. Picha za baba yako zisipotee."

Mjomba Philippe, mdogo wake Mama Odile, alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu huko Manika. Alimpa Noëlla diski ya nje, kisanduku cheusi kinachoenea kiganjani, akamwonyesha namna ya kukiunga na kompyuta kwa waya.

"Unashusha albamu moja moja," alimweleza. "Ikifika ku diski, unaifungua, unaangalia picha zote. Ukiona iko nzima, njo sasa unaifuta kule juu, nafasi ipatikane. Usiruke hata moja. Umesikia?"

"Nimesikia, Mujomba."

Albamu zilikuwa tatu: Ndoa, Familia na Shirika. Mbili za kwanza zilimalizika kwa alasiri mbili, na Noëlla alizifuta mtandaoni kama alivyoagizwa. Alasiri ya tatu ilibaki Shirika, yenye picha zaidi ya mia sita, ambayo hata peke yake ilizidi nafasi iliyoruhusiwa. Kila Jumatano wakristo wa mtaa, wale wa shirika lao dogo la kanisa, walikusanyika sebuleni kwao kusali, na kila Jumatano baba aliwapiga picha. Mtandao ulikuwa mzito. Baada ya saa nzima zilikuwa zimeshuka picha kumi na mbili.

Rafiki yake Jessica alichungulia kibandani, mpira kwapani. "We Noëlla, tunakungojea. Ao umekuwa sekretere wa padiri?"

Noëlla alitazama kioo cha kompyuta. Watu wamefumba macho, watu wamepiga magoti, watu wale wale. Nani atazitaka hizi? Alizifuta zile kumi na mbili kwenye diski zisimchongee, akachomoa waya, akaenda kucheza.

Jioni mama alimuuliza, "Zote zimeingia?"

"Zote, Mama."

Jumatatu iliyofuata, wakati wakinywa uji, ukuta kati ya sebule na chumba cha kulala uliporomoka. Tofali moja lilimpiga Noëlla begani, jingine likavunja meza. Vumbi lilipotulia, kitanda cha mama hakikuonekana. Kama ukuta ungeanguka saa moja kabla, mama angekuwa amelala pale.

Mama Odile alikwenda hivyo hivyo, vumbi kichwani, kwa Tata Muteba, mkuu wa mtaa. Noëlla alimfuata. Stany naye aliitwa, akaja na kofia yake ya ngozi, akakaa akiwa ametanua miguu.

"Hiyo ukuta ilipasuka zamani, kabla mi sijanunua pale," alisema. "Rémy mwenyewe alichimba chini ya nyumba yake, akafunika. Huyu mama anatafuta mutu wa kulipia makosa ya marehemu. Atoke mu hiyo nyumba, itamwangukia."

"Usimtaje mume wangu na huo uongo," Mama Odile alisema, akisisitiza neno moja moja. "Shirika lilisali kwetu miaka miwili, kila Jumatano, mbele ya ukuta ule, juu ya sakafu ile. Rémy alipiga picha, na kila picha iko na tarehe. Zote ziko mu diski."

Tata Muteba aliandika. "Jumamosi ulete hizo picha. Ukuta ukionekana mzima kabla ya Stany kufika, shimo lake linafungwa na anakujengea. Zisipokuwapo, mama, nitakuomba uhame."

Njiani mama alimgeukia Noëlla. "Za shirika si ziliingia?"

"Ndiyo, Mama," alisema, akitazama viatu vyake.

Alhamisi mchana Stany alikuja na wachimbaji watatu, kila mmoja na mtaimbo wake. Mama Odile alisimama mlangoni.

"Iko wapi hiyo diski?"

"Tata Stany, ukiingia, uingie na amani. Kama hauna amani, rudi kwako."

Stany aliinua mtaimbo, akampiga mama mkononi. Noëlla alisikia mfupa ukivunjika, mlio mkavu kama wa kuni. Alimrukia Stany akamng'ata kiwiko hadi akaonja damu. Mchimbaji mmoja alimkamata shingoni akamtupa kwenye sufuria, mwingine akapindua kabati, na sahani zote zikavunjika. Waliipata simu ya Rémy wakaiponda kwa kisigino. Waliipata diski chini ya Biblia. Stany aliiweka juu ya kizingiti, akaipiga mara tatu, mpaka vikabaki vipande ambavyo mtu angeweza kuvizoa kwa ufagio.

"Sasa Jumamosi ulete picha," alisema, akacheka.

Kwenye kituo cha afya walimfunga mama mkono kwa vibao na bendeji. Hakulia wakati wa kuunyoosha mfupa. Alilia baadaye, polepole, akiwa ameketi kwenye benchi.

"Picha ya ndoa yetu imeenda," alisema. "Uso wa baba yako umeenda. Na nyumba nayo inaenda. Bwana anajua."

Noëlla alikaa kando yake, shavu limevimba. Alijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Picha za shirika hazikuwahi kuingia kwenye diski. Na kwa sababu hakuzishusha, hakuzifuta kule juu. Bado ziko mtandaoni. Lakini kesho, Ijumaa, ni mwisho wa mwezi. Akinyamaza, uongo wake umezikwa pamoja na diski, na hakuna atakayeujua milele. Akinyamaza, nyumba imekwenda.

"Mama," alisema. "Nilikudanganya."

Alisema yote: mtandao mzito, Jessica, mpira, na "ndiyo" ya pili njiani. Mama aliinua mkono wake mzima, na Noëlla akafumba macho akingoja kofi. Kofi halikuja.

"Zinafunguliwa na nini?" mama aliuliza.

"Mtandao utatuma namba ya siri ku simu ya Papa. Tunahitaji ile kadi ndogo ya simu yake."

"Basi ukaitafute. Upesi."

Nyumbani, mchimbaji mmoja alikuwa ameketi penye mlango uliovunjwa, mtaimbo magotini. Noëlla alipita ubavuni mwake, akapiga magoti sakafuni, akaanza kupekua vipande vya simu.

"Unatafuta nini, ka mutoto?"

Kidole cha Noëlla kilikuwa kimegusa ile kadi, kipande cha plastiki. Alikitia kinywani. Mchimbaji alimvuta kwa nywele, akampiga kofi lililomwangusha. Alikuwa akiinua mkono mara ya pili Mama Blandine alipotokea na mtwangio wa mihogo, akampiga nao mgongoni mara moja, kwa nguvu zake zote. Mtaimbo ukaanguka.

"Mupige tena huyo mutoto," Mama Blandine alisema, akihema, "na mi nitakutwanga kama majani ya sombe."

Mtu yule alitazama uani. Wanawake wengine wanne walikuwa wamesimama pale. Akaondoka akijishika mgongo.

Mama, mwana na Mama Blandine walipanda taxi-moto mbili, zile pikipiki za abiria, hadi Manika. Philippe aliiweka ile kadi katika simu nyingine. Namba ya siri ilikuja. Albamu ya Shirika ilifunguka, nzima. Noëlla alikaa mbele ya kompyuta alasiri ile hadi kibanda kikafungwa, akarudi Ijumaa kibanda kilipofunguliwa, akashusha picha moja baada ya nyingine, akafungua kila moja. Kioo kilikuwa kile kile, na watu wale wale wamefumba macho. Mara hii aliwatazama kila mmoja. Philippe alitoa diski mbili, akampa kazi ya kunakili yote mara mbili.

"Na mi nilikosa," Philippe alimwambia dada yake. "Sikupaswa kumuambia afute kule juu tukiwa na diski moja tu. Kitu kikikaa pahali pamoja, mutu mumoja na chuma anakimaliza. Nihurumie, yaya, dada yangu."

"Ile ya pili itakaa kanisani," alisema Mama Odile.

Jumamosi kwa Tata Muteba kulijaa watu. Philippe aliweka kompyuta mezani, akafungua picha. Mwezi wa tano mwaka jana, wiki tatu kabla Stany hajanunua kiwanja: wanawake wanaimba, ukuta nyuma yao umenyooka, sakafu nyekundu haina kiraka. Mwezi wa nane: ufa kama uzi juu ya kichwa cha Mama Blandine. Mwezi wa kumi: ufa wa kutosha kidole, na sakafu ni ile ile, watu wamepiga magoti juu yake.

Stany alipiga meza kwa ngumi, kofia ikamwanguka, kompyuta ikaruka, Philippe akaidaka. "Hiyo diski mi niliiponda kwa mikono yangu! Hizi picha zimetoka wapi?"

Tata Muteba aliweka kalamu chini. "Umesema mwenyewe," alisema. "Shimo linafungwa leo. Ukuta utaujenga. Na mambo ya mkono wa huyu mama, polisi watakuuliza." Kisha akamgeukia Noëlla. "Lakini na mi nataka kujua, mwanangu. Zimetoka wapi?"

Noëlla alisimama. Alisema mbele ya watu wote kwamba alikuwa mvivu, kwamba alimdanganya mama yake mara mbili, na jinsi picha zilivyobaki mtandaoni.

"Munasikia?" Stany alisema, akitafuta macho ya watu. "Mutoto muongo. Na ninyi munamuamini?"

Mama Odile aliinuka, mkono wake umening'inia kwenye kitambaa shingoni.

"Ni kweli, alidanganya," alisema. "Wala uvivu wake haukutuokoa, mtu asinielewe vibaya. Kama angenyamaza juzi, hizo picha zingefutwa jana, na mi ningekuwa nje leo. Kilichotuokoa ni kwamba alisema ukweli siku ambayo ulimuumiza. Watoto mulio hapa, mushike hilo. Kazi uliyopewa, imalize. Ukiikosa, sema mapema, kwa mdomo wako mwenyewe, hata kama kofi linakungoja. Mungu anamsaidia mutu anayesema." Alimgeukia jirani yake. "Tata Stany, mutoto wa miaka kumi na mitatu amesimama mbele ya mtaa mzima akasema alichofanya. Na wewe nafasi unayo. Sema tu, nami nitakusikiliza."

Watu wote walimtazama Stany. Yeye aliokota kofia yake ya ngozi sakafuni, akaikung'uta vumbi, akapita katikati ya mabenchi, akatoka.