Sauti Iliyotangulia Kusema "Tupu"

Asubuhi ile, neno "tupu" lilisikika ghalani kabla Fundi hajafungua mdomo.

Fundi alikuwa mtunza bunduki wa kampuni ya ulinzi, mwaka wa ishirini na mbili nyuma ya dirisha lilelile la chuma. Walinzi waliotoka zamu walimkabidhi silaha moja moja, naye aliifanyia kila moja yaleyale: mtutu kwenye pipa la mchanga, magazini ya risasi nje, koki ikivutwa nyuma, macho kwenye chemba inamokaa risasi, kisha kidole kidogo ndani, maana macho huchoka. Akiridhika husema "tupu", anabonyeza triga kuelekea mchangani, anaiweka rafuni.

Bunduki ya asubuhi hiyo ilikuwa ya shemeji yake. Fundi ndiye aliyemtafutia kazi, na siku alipoipata mkewe alimwambia, "Ndugu niliyebaki naye ni huyu tu. Nakukabidhi wewe, siyo kampuni."

"Umesema wewe?" Fundi alinong'ona.

"Nani tena, shemeji? Si sauti yako hiyo? Au ndio uzee?"

"Uzee utaujua ukioa."

Wakacheka. Fundi akaangalia, na kweli chemba ilikuwa tupu. Kesho yake sauti ikasema tena, na keshokutwa, sauti yake mwenyewe, ikitoka nyuma ya rafu pamoja na harufu ya baruti iliyoungua, ilhali humo ghalani haijawahi kufyatuliwa hata risasi moja. Mwenye akili angekimbia. Fundi aliogopa siku tatu tu. Ya nne akaona haikosei, na mazoea yana taabu: wiki ya pili aliacha kidole, ya tatu akaacha macho, na mwezi ulipoisha hata pipa aliliona liko mbali.

Ikaja asubuhi ya mvua. Shemeji alikuwa ameegemea dirisha, anasimulia jinsi bosi alivyokimbizwa na bata, na Fundi, huku akicheka, alichomoa magazini, akailaza bunduki mezani, mtutu ukielekea dirishani, akasubiri neno lake.

"Tupu," ikasema sauti.

Kidole kikaenda kwenye triga.

"Bonyeza."

Haikuwahi kusema maneno mawili. Fundi alihisi pumzi ya moto sikioni, na kitu kama mkono wa mtu kikaja juu ya mkono wake, kikikisukuma kidole taratibu, bila haraka, kama kina hakika naye, na mbele ya mtutu shemeji bado anacheka, tumbo lake limegusa chuma cha dirisha, mpaka Fundi akaita jina la Mungu, akajing'oa, akageuza mtutu pipani na kuvuta koki. Risasi nzima ikaruka kutoka kwenye chemba, ikagonga meza, ikaangukia sakafuni.

"Nilisikia vishindo lindoni, nikakoki, risasi ikaingia chemba," shemeji alisema. "Nikasahau kuitoa. Shemeji, ungeniua."

"Ningekuua," Fundi alisema, akalia mbele yake bila aibu.

Mkewe alipoelezwa alimwita shangazi yake, mganga, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alisimama ghalani, akanusa, akakunja uso.

"Huyu hafukuzwi kwa ubani," alisema kwa sauti ya chini. "Mmemlisha wenyewe, kila mliposema bila kuangalia. Mnyimeni chakula."

Wakamnyima. Kila bunduki pipani, kila chemba kidole. Sauti ikabembeleza nyuma ya rafu, "Tupu, Fundi, haki ya Mungu tupu," kila siku ikikauka zaidi, ikawa mkwaruzo, ikanyamaza. Harufu nayo ikaisha. Siku arobaini zikapita ghala likiwa kimya.

Siku ya arobaini na moja shemeji akakabidhi bunduki, akainamia daftari kutia sahihi. Fundi akaweka mtutu pipani, akatoa magazini.

"Ameshaondoka, shemeji," ilisema sauti ya utani aliyoizoea. "Kidole cha nini tena? Weka rafuni ukanywe chai."

Fundi akacheka, moyo ukamtulia. Kweli, yamekwisha. Akauondoa mtutu pipani, akainua uso amjibu.

Shemeji alikuwa ameuma kifuniko cha kalamu, midomo ameifumba, bado anaandika.