Chano Kilichofutwa

Jumatatu, baada ya swala ya alasiri, Swabaha alisikia harufu ya ubani, na chetezo kilikuwa kabatini, kikavu, hakijaguswa tangu Idi. Chini ya ubani kulikuwa na harufu nyingine, ya nyama iliyolala juani.

"Riyadh, umefukiza?"

"Nifukize, kwani naoa leo?" nduguye akamjibu kutoka juu.

Walikuwa wawili tu kwenye nyumba ile ya Mji wa Kale, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, wazazi wametangulia, na huyo Riyadh, fundi wa mafriji, ndiye mboni ya jicho lake.

Asubuhi ile Swabaha alikuwa amefuta kurasa nne. Aliandika muswada wa filamu juu ya Subiani, pepo aliyempanda nyanya yake, marehemu Bi Mejumaa, naye Maxwell, mtayarishaji wa Nairobi, akaushika kwa mkataba wa mwaka na nusu. Kununua? La! Ni kama posa: binti hachumbiwi na mwingine, na bwana arusi haonekani. Miezi saba Swabaha alipiga simu zisizopokewa. Siku Maxwell alipoibuka, aliibuka na amri: nyumba ya Mji wa Kale igeuzwe ghorofa ya Nairobi, nyanya awe msichana, na mwisho utoke. Mwisho wenyewe ndipo Subiani anapoandaliwa chano, sinia la halua na mayai na marashi, akala, akaaga, akaenda zake.

"Tukimwacha aende," Maxwell alisema, "sehemu ya pili tutaitoa wapi?"

Kila mtoto wa mji ule anajua: ukimpandisha pepo, humwachi hivi hivi bila chano chake. Swabaha alijua vyema. Lakini uchu wa kuliona jina lake kwenye skrini ulimpofua, akafuta, akamtumia Maxwell mwisho mpya. Mjinga we!

Kishindo kikalia juu. Alipanda ngazi mbio.

Riyadh alisimama katikati ya chumba, kichwa chini, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukipinda wenyewe, taratibu, hakuna aliyeushika, ukapita pale mkono wa binadamu unapokomea, ukaalika, mfupa ukatoboa ngozi na damu ikaruka hadi kwenye pazia, naye hakulia, bali alifumbua kinywa na sauti iliyotoka ikawa ya mwanamke, ya Kimvita cha zamani.

"N'na ndaa, Swabaha. Chano changu ki wapi?"

Swabaha alipiga ukelele. Jirani yao Shekhe Khubaib, mwalimu wa chuo cha Kurani, akaja mbio na msahafu kifuani. Hakumaliza aya ya pili. Aliinuliwa akabamizwa mlangoni, akatema meno mawili. Swabaha akakimbilia jikoni, akapanga halua na mayai kwenye chano, akakiweka sakafuni.

"Hicho chako sikili," Subiani alisema. "Hadithi si yako tena, umempa mtu. Yeye aniite, ama huyu n'mmalize." Kwa kila pumzi, kidole kimoja cha Riyadh kilivunjika.

Shekhe alinong'ona, damu ndevuni: "Mpigie huyo uliyempa hadithi. Akimwita Subiani kwa kinywa chake, Subiani atamwendea yeye."

"Na Maxwell, Shekhe? Itakuwaje?"

Shekhe alimsogezea simu.

Maxwell, ajabu, alipokea. "Swabaha! Huu mwisho mpya ni moto!"

"Nisomee ule mstari Subiani anapoitwa. Nataka niusikie kwa sauti yako."

"Mimi si mwigizaji, bwana."

"Nakuomba, kaka. Nakuomba sana." Shingo ya Riyadh ilikuwa imeanza kuzunguka. Angeweza kumwambia ukweli yule mtu. Hakumwambia.

"Ewe Subiani, njoo kwangu," Maxwell alisoma, akicheka.

Riyadh akaanguka mkekani kama gunia. Kwenye simu kicheko kilikatika, kiti kikaanguka, vioo vikavunjika, na Maxwell akaanza kumwita mamake, akimwita na kumwita, mpaka ikasikika sauti ya viungo vikinyofolewa kimoja kimoja, kama kuku anavyochanguliwa, na Swabaha akasikiliza yote huku akimpangusa nduguye uso. "Alhamdulillahi," alisema, na papo hapo akaona haya.

Shekhe alishuka kutafuta tuktuk ya kumpeleka majeruhi hospitali. Simu ikalia tena. Alikuwa Sheryl, karani wa Maxwell, akilia.

"Amekufa, dada. Ametapakaa ofisi nzima. Sijui nifanye nini, nimeshika tu faili yako." Akapenga kamasi. "Mkataba unasema mtayarishaji akifa, hadithi inarudi kwa mwandishi. Ni yako sasa. Yote."

Harufu ya ubani ikapanda ngazi.

Basi ni yangu, Swabaha akawaza, naweza kumuaga mwenyewe! Akakirukia kile chano, akakiinua kwa mikono miwili. "Subiani, chano chako hiki! Kula, uende zako!"

"Iondoe halua," sauti ikajibu nyuma ya sikio lake, kinywa kimejaa. "N'shaonja kingine."

Mkeka aliolalia Riyadh ukaanza kuvutwa, polepole, kuelekea ngazini.