Gitaa la Nyuzi Sita

Kila Jumamosi Dativa humenya ndizi za mchana, humsaidia mama yake kufagia uwanja, kisha huenda kanisani Rwamishenye kwenye mazoezi ya kwaya ya vijana. Ana miaka kumi na tatu, na yeye ndiye mpiga gitaa la besi. Kabla ya kuanza husali kimya: "Bwana, ongoza vidole vyangu."

Lakini siku za karibuni alikuwa akisali huku amekunja uso.

Gitaa la zamani lilipoharibika, Mzee Kahangwa, mwenyekiti wa kwaya, alikwenda dukani peke yake. Alirudi ameinua gitaa jekundu linalong'aa. "Kwaya ya Muleba wana la nyuzi nne," alisema. "Sisi tuna sita!" Watu wakapiga vigelegele. Jumapili Mchungaji Jovitha akaliweka wakfu mbele ya madhabahu. Dativa, ambaye ndiye angelipiga, hakuulizwa lolote.

Gitaa lilikuwa zito, na shingo yake pana. Vidole vya Dativa havikuufikia vizuri uzi mnene wa juu. Isitoshe, nyimbo za kwaya yao ni za taratibu. Yeye hupiga kwa vidole viwili, sauti chache zilizotulia, waimbaji wapate pa kuegemea. Zile nyuzi mbili za ziada hakuwa na kazi nazo, lakini kila mkono ulipoteleza zilinguruma zenyewe.

Jumamosi moja kwaya ya Muleba ilikuja kwa mazoezi ya pamoja, kwa kuwa kesho yake wangeimba pamoja ibadani. Katika wimbo wa kwanza tu, gitaa likanguruma vibaya.

"Unalishika kama umebeba mkungu wa ndizi kutoka Kanazi!" alicheka Rugaibula, mpiga ngoma.

"Njoo ulibebe wewe basi!" Dativa alimjibu.

Mzee Kahangwa akasimamisha wimbo. "Dativa, unatuaibisha mbele ya wageni. Umekuwa mvivu. Kesho besi atapiga mtu mwingine."

Mvivu! Kila jioni alikuwa amefanya mazoezi mpaka vidole vikavimba. Machozi yalimlenga, lakini safari hii hakunyamaza.

"Kwa heshima, Mzee, unisamehe," alisema. "Mimi si mvivu. Mlihesabu nyuzi za Muleba, lakini mkono wangu hamkuutazama. Gitaa hili halinifai, na hakuna aliyeniuliza!"

Mchungaji Jovitha, aliyekuwa ameketi nyuma, akasogea mbele. Akamgeukia Audax, kijana mrefu anayepiga besi ya Muleba. "Waitu, ndugu yetu, hebu mwazime gitaa lako."

Lilikuwa gitaa la kawaida, la nyuzi nne na shingo fupi, limechubuka pembeni. Dativa akarudia wimbo uleule. Sauti ikatoka nzito, safi, imetulia. Waimbaji wakaanza kuimba bila kuambiwa.

Audax naye akalijaribu lile jekundu. Vidole vyake virefu vilikimbia hadi nyuzi nyembamba, akazifanya ziimbe. "Nyimbo zetu ni za kuchezacheza," alisema akitabasamu. "Nyuzi nne zilikuwa zinanibana."

"Basi badilishaneni," alisema Mchungaji.

Kiongozi wa Muleba akakubali mara moja, lakini Mzee Kahangwa akashtuka. "Mchungaji, limeshawekwa wakfu! Litaondokaje?"

"Nililiombea mimi. Niliomba Mungu asifiwe, sikuomba tuwapite Muleba. Kwani kule si nyumba ya Mungu?"

Mzee Kahangwa aliinamisha kichwa. Kisha akamwendea Dativa. "Mwanangu, nilikuita mvivu. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Mzee."

"Sikilizeni, watoto," alisema Mchungaji Jovitha. "Chombo huchaguliwa kwa mkono utakaokitumia na kazi itakayofanywa. Anayechagua ili aonekane humtesa mwingine. Nawe Dativa, ulikuwa na haki ya kukasirika. Ila ukweli huu ungetuambia siku ya kwanza, vidole vyako visingevimba. Ukweli ukisemwa mapema, kwa heshima, hauna dhambi."

Mazoezi yakaendelea. Yalipokwisha, Mzee Kahangwa alimwita Rugaibula pembeni. "Nataka kununua ngoma mpya," alisema. "Wewe unapenda ya namna gani?"