Paa la Chumba cha Bibi

Kila siku akitoka shuleni, msichana mmoja hakutua mkoba kabla ya kupita chumbani kwa bibi yake.

"Mke mwenzangu, umerudi?" bibi alimwuliza.

"Nimerudi kukunyang'anya mume," alijibu, ingawa babu alikwisha kufariki zamani. Basi walicheka mpaka mbavu ziume.

Chumba hicho kilikuwa tanuri. Bati la nyumba nzima lilipakwa lami lisivuje, na weusi ule ulinyonya jua kutwa. Baba yake, fundi rangi, akaleta ndoo ya rangi nyeupe ya mapaa. "Nyeupe hulirudisha jua juu," alieleza. Akapaka upande wa sebule na chumba cha watoto. Alipohamishia ngazi upande wa bibi, bibi akagoma.

"Mnanifunika sanda nikiwa hai? Subirini kwanza nife."

Baba alimbembeleza, wapi! Msichana akaingilia kati. "Baba, mwache bibi yangu. Hataki." Baba akashusha ngazi. Bibi akamkonyeza mjukuu wake, naye akajiona shujaa.

Kiangazi kikachachamaa. Chumbani kwa watoto mtu aliweza kusoma hata adhuhuri, lakini kwa bibi jasho lilimtoka msichana mlangoni tu. Mara nyingi alitaka kusema, "Bibi, njoo ulale kwetu uone." Akalimeza neno hilo asije akamuudhi.

Siku moja alirudi, asiitwe mke mwenza. Bibi alikuwa amelala macho nusu wazi, ngozi kavu inawaka moto, maneno hayashikani. Wakamkimbiza hospitali. Daktari alisema joto lilikuwa limemzidi nguvu. Jioni baba alirudi na ndala za bibi mkononi, bibi mwenyewe hayupo.

Baada ya maziko msichana aliiburuta ile ndoo. "Baba, weka ngazi." Wakapaka pamoja upande wa bibi.

Kesho yake mchana akajilaza kitandani kwa bibi. Palikuwa na ubaridi mzuri. Ubaridi huo ndio uliomvunja moyo, akalia kwa kwikwi mpaka baba akaja kuketi kando yake.

"Baba, ni mimi niliyemuua?"

"Hapana, mwanangu. Mkubwa ni mimi, na ngazi niliishusha mimi." Akamfuta machozi. "Ila tujifunze. Kumpenda mtu si kumkubalia kila kitu. Ukijua kitakachomfaa, mwambie. Akinuna, mwache apoe, kisha mwambie tena."

Nyumba ya pili aliishi mama mzee, paa lake jeusi vilevile. Msichana alipomweleza, naye akang'aka, "Mimi sitaki paa la sanda."

Safari hii msichana hakunyamaza. Alimshika mkono. "Njoo basi upumzike kidogo kitandani kwa bibi yangu."

Mama mzee akajinyoosha hapo huku akinung'unika, usingizi ukamchukua. Alipoamka alasiri, alimkuta msichana ameketi sakafuni, anamkanda miguu, machozi yanamtiririka.

"Mjukuu wangu," akasema taratibu, "mwambie baba yako alete ngazi."